Kima cha chini cha mshahara, mjadala wa (Kihonda)

Kihonda, katika Manispaa ya Morogoro, ni eneo la makazi na viwanda. Mjadala wa kima cha chini hapa unahusu hasa sekta binafsi, ambayo mishahara yake hupangwa kisekta kupitia bodi za mishahara chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Amri ya 2013 iliweka sh. 115,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara. Amri iliyoanza Januari 2023 ikafikisha 150,000. Nyuma zaidi, Mei 2010, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lilidai serikali ilipe watumishi wake kima cha chini cha 315,000 na kutishia mgomo; Rais Jakaya Kikwete akakataa. Mwaka 2025 mwanawe, Ridhiwani, akiwa waziri wa kazi, ndiye aliyetangaza wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Wastani huo huinuliwa na sekta zinazolipa vizuri, kama madini, hivyo haumwelezi vyema mfanyakazi wa kiwandani. Waajiri hulalamikia gharama za umeme na bidhaa za nje. Wafanyakazi, kodi ya chumba na nauli. Amri huweka pia viwango vya saa na siku, na vibarua huvitazama hivyo kwanza, maana hulipwa kwa siku walizoitwa tu.