Bodi, Chesisi na Sifa: Historia ya Magari Yaliyoundwa Upya katika Nyanda za Kati

Kata ya Chang'ombe, jijini Dodoma, ni mojawapo ya maeneo yaliyokua haraka kuliko ramani za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, chombo kilichoundwa mwaka 1973 baada ya kuamuliwa kwamba serikali ihamie Dodoma kutoka Dar es Salaam, na ambacho kilivunjwa mwaka 2017. Katika mitaa ya aina hiyo, ambako viwanja havikupimwa kwa ajili ya viwanda na ambako shughuli nyingi hufanyika uani au chini ya mwarobaini, hustawi kazi ya fundi bodi, yaani yule anayenyoosha, kukata, kuunga na kuchomelea mabati ya gari, akisaidiana na fundi rangi ambaye hupiga msasa, hujaza mabonde kwa puti na kumalizia kwa kupuliza rangi. Historia ya usafiri wa Tanzania imeandikwa zaidi kwa upande wa reli, barabara na sera, na mafundi hao wametajwa kwa nadra, ingawa kubadili gari hadi likawa gari jingine ni jambo lenye umri mkubwa katika nyanda za kati. Huku, kinyume na kwingineko, gari halikubadilishwa ili lishinde mbio, bali lilibadilishwa kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na vipuri havikupatikana, na lilipokwisha kubadilishwa lilionyeshwa likiwa kazini.

Tofauti hiyo huonekana vizuri likitazamwa chimbuko la magari ambayo Wamarekani huyaita hotirodi, yaani magari makuukuu yaliyopunguzwa uzito, yakavuliwa madigadi na boneti, kisha yakaongezewa nguvu ya injini. Kampuni ya Ford ilipotoa injini ya silinda 8 kwa bei nafuu mwaka 1932, vijana wa California walipata malighafi ya kuchezea, na katika vitanda vya maziwa yaliyokauka walishindana hadi wakaunda chama chao cha kusimamia mashindano mwaka 1937. Jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, na mwaka 1964 viwanda vyenyewe vikaanza kuuza kasi hiyo dukani, pale Pontiac ilipotoa GTO, gari la ukubwa wa wastani lililobebeshwa injini kubwa, ambalo huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa yale yaitwayo magari ya misuli. Utamaduni huo wote ulisimama juu ya mambo matatu: mafuta rahisi, magari mitumba mengi na muda wa mapumziko. Nyanda za kati za Tanganyika hazikuwa na hata moja kati ya hayo.

Gari la kwanza lililoundwa mahususi kwa ajili ya nchi hizi lilifika mapema sana. Luteni Paul Graetz wa jeshi la Kijerumani aliondoka Dar es Salaam mwaka 1907 kwa gari lililotengenezwa kwa agizo maalumu na kiwanda cha Gaggenau, likiwa limeinuliwa juu ya ardhi kuliko magari ya kawaida ya wakati huo ili lipite juu ya visiki na mawe, akavuka nyanda za kati kuelekea Tabora na Ziwa Tanganyika, na hatimaye akafika Swakopmund, pwani ya Bahari ya Atlantiki, mwaka 1909. Safari ilimchukua karibu miaka miwili kwa sababu kila kifaa kilipovunjika ilibidi kingojwe kutoka mbali au kitengenezwe njiani, na hapo ndipo palipoonekana kwa mara ya kwanza kanuni iliyotawala kazi ya magari katika eneo hili kwa miongo iliyofuata, kwamba gari halifiki kwa ubora wa kiwanda peke yake. Dodoma yenyewe ilianzishwa katika kipindi hicho hicho, reli ya kati ilipokuwa ikisogea kutoka pwani, na baadaye mji ukawa njia panda, kwa kuwa reli iliyotoka mashariki kwenda magharibi ilikutana hapo na Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Arusha kupitia Kondoa na kuendelea Iringa na Mbeya.

Lakini tukio lililomwaga vyuma vingi kuliko yote katika eneo hili ni Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikubali mradi wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Mashine mpya hazikuwapo, hivyo wasimamizi walinunua mabaki ya vita, yakiwemo matrekta na matingatinga yaliyokuwa yametumika na majeshi, na mengi yalifika yakiwa tayari yamechoka. Udongo wa Kongwa, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji na wenye mchanga unaosaga chuma, ulikula majembe na minyororo ya matingatinga kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na kabla ya mwaka huo wa kwanza kwisha karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala.

Katika hali hiyo kilizaliwa chombo cha ajabu ambacho kingestahili nafasi katika historia yoyote ya magari yaliyoundwa upya. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya vita vya aina ya Sherman, ikaviondolea mzinga na deraya, yaani ngao nzito ya chuma inayomkinga askari, kisha ikavijenga upya kuwa matrekta ya kusafishia msitu, yakaitwa Shervick. Lile ambalo kijana wa California alilifanya kwa Ford ya baba yake, kiwanda kikubwa cha Uingereza kililifanya kwa kifaru, na matokeo yakapelekwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo, kung'oa mibuyu na vichaka. Chombo hicho hakikuuokoa mradi, ambao ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza. Hata hivyo, karakana za Kongwa zilikuwa zimewaweka vijana wa Kiafrika karibu na injini, gia na mtambo wa kuchomelea kwa kiwango ambacho wilaya za jirani hazikuwahi kukiona, na kwa mtazamo wa historia ya ufundi hilo ni zao lenye thamani kuliko karanga zenyewe, ambazo hazikufikia hata kiasi cha mbegu zilizonunuliwa.

Sambamba na mashine hizo kulikuwa na lori, na lori ndilo lililokuwa uwanja wa kwanza wa urembo. Katika miaka ya ukoloni na baada ya uhuru, malori kama Bedford na Leyland yaliingia nchini mara nyingi yakiwa kichwa na chesisi tu, yaani fremu ndefu ya chuma inayobeba injini na magurudumu, na bodi ilijengwa hapa hapa na maseremala na wahunzi, wengi wao kwanza wakiwa Masingasinga, kisha Waafrika waliojifunza kwao. Mbao ngumu zilikatwa, nguzo zikafungwa kwa bolti kwenye chesisi, paa likaezekwa bati, keria ikawekwa juu kwa ajili ya magunia na kuku, ngazi ikaning'inizwa nyuma kwa ajili ya utingo, na mahali pa vioo yakawekwa maturubai ya kukunja. Kwa kuwa mzigo ulizidi kipimo cha kiwanda, springi ziliongezewa pleti hadi nyuma ya lori ikasimama juu kuliko mbele. Urembo ulikuja mwisho: rangi mbili au tatu zinazogombana, kisha juu ya kioo cha mbele jina au msemo, mara nyingi wenye kumtaja Mungu au kuwapiga vijembe mahasidi, kwa mtindo ule ule wa maandishi ya kanga. Mtindo huo wa bodi za mbao umedumu hadi leo Zanzibar, ambako malori madogo yenye mabenchi pembeni na paa la mbao yamekuwa daladala.

Kasi kwa maana ya mashindano iliingia kwa mlango wa pwani na Nairobi. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ambazo tangu mwaka 1960 zilijulikana kama East African Safari, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mshindi wa mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam aliyeendesha Peugeot 404. Hapo pana mkutano mmoja wa moja kwa moja kati ya historia mbili zinazozungumziwa: mwaka 1964 Ford ya Marekani ilileta kundi la Mercury Comet zenye injini za silinda 8, zilizoandaliwa na Bill Stroppe, fundi aliyekulia katika utamaduni wa hotirodi wa California, lakini tope la Afrika Mashariki likazimeza nyingi, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ndogo iliyoundwa Uingereza. Madereva wa kawaida walilipata somo hilo bila kuhubiriwa, na kwa miaka mingi sifa ya gari katika nyanda za kati ikawa kufika, si kuwahi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili maana ya gari zuri. Kiongozi aliyeonekana na gari la fahari alitiliwa shaka, na tabaka la wenye Mercedes likapewa jina la kejeli la Wabenzi. Baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 kumaliza akiba ya fedha za kigeni, magari binafsi yalizuiwa kutembea alasiri za Jumapili bila kibali, na spea zikawa bidhaa adimu. Ukame huo ndio uliozaa ubunifu mkubwa zaidi. Gasketi zilikatwa kwa mkono kutoka karatasi ngumu, bushi zikachongwa kutoka tairi kuukuu, na gari lililokufa likachinjwa ili mengine matatu yaishi.

Mnufaika mkuu alikuwa Land Rover 109, iliyopata jina lake kutokana na inchi kati ya ekseli zake mbili, na ambayo bodi yake ya aluminiamu haishiki kutu. Injini yake ya petroli ilipochoka, fundi aliitoa na kupandikiza ya dizeli, mara nyingi Isuzu iliyotolewa kwenye lori dogo. Kupandikiza huko si kazi ya kubadilishana tu, kwa sababu matundu ya injini ngeni hayalingani na ya giaboksi iliyopo: hukatwa pleti nene ya chuma, ikatobolewa upande mmoja kwa vipimo vya injini na upande wa pili kwa vipimo vya giaboksi, sapoti mpya zikachomelewa kwenye chesisi, rejeta ikasogezwa mbele, na propela shafti ikafupishwa au kurefushwa kisha ikanyooshwa isije ikatetemesha gari zima. Pleti ikikosewa kwa milimita chache, klachi huisha ndani ya wiki. Fundi aliyeweza kazi hiyo alifahamika wilaya nzima, na wateja walimfuata hata akihamia mtaa usiofikika kwa teksi.

Kulegezwa kwa biashara kuanzia mwaka 1984, na wimbi la magari mitumba ya Kijapani lililofuata miaka ya 1990, kulifanya uhaba upungue na onyesho likue. Nairobi ilikwenda mbali zaidi kwa matatu yake, yaani mabasi madogo ya abiria, yenye picha, muziki na taa, ambayo serikali ya Kenya iliyabana kwa kanuni za mwaka 2004 na kuyalegezea muongo mmoja baadaye. Dodoma haikufika huko. Jukwaa lake limebaki stendi, mnada wa Msalato wa Jumamosi, na zaidi ya yote msafara wa harusi, ambapo magari yaliyong'arishwa na kufungwa riboni huzunguka mjini yakiwasha taa zote, yakitanguliwa na pikapu iliyobeba matarumbeta na mpiga video aliyekaa kinyumenyume. Gari lililonyooshwa bodi wiki hiyo hiyo huwekwa karibu na la bwana harusi, na kila mpita njia huuliza limepakwa rangi na nani.

Onyesho lililojitenga kabisa na kazi limekuja karibuni. Oktoba 2024 jijini Arusha lilifanyika tamasha la Land Rover lililokusudia kuivunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 ya aina hiyo iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na wamiliki walileta magari ya kila umri, mapya ya kubebea watalii pamoja na makuukuu yaliyokwisha kubadilishwa injini. Ni tamasha zuri, ila lilimtukuza mmiliki na kampuni kuliko fundi. Sheria nayo humtambua fundi kwa mbali tu, maana mabadiliko ya rangi, injini na aina ya bodi hutakiwa kuingizwa kwenye kadi ya gari, lakini kadi hiyo haina mstari wa jina la aliyeyafanya.

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanahifadhi magari yaliyotumiwa na wakuu wa nchi, na ni haki yawepo. Lakini mafundi nao wanastahili kukumbukwa: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wa historia na wa uhandisi wanaoweza kuwarekodi mafundi wazee waliopandikiza injini za miaka ya uhaba, pamoja na vipimo vya pleti zao, na halmashauri ya jiji inaweza kununua Bedford moja yenye bodi ya mbao kabla ile ya mwisho haijauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kazi hiyo ianze sasa, maana wazee wenyewe hawazidi kuongezeka.