Karatasi nazo zilivuka mpaka

Vijana wenzetu, historia ya Kongo haiko kwenye vitabu vya shule tu. Mwaka 1990, pale Kinshasa, mchoraji Papa Mfumu'eto alitoa katuni za Kilingala kwenye karatasi ya bei rahisi, zinauzwa barabarani. Moja ni ya mwanaume anayegeuka nyoka, anameza mwanamke, halafu anatapika pesa. Kumbe wasomaji wengi walimuona Mobutu mle!

Leo karatasi zake zimetunzwa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Nazo zilivuka mpaka, kama sisi. Lakini sisi wengi tulikimbia mikono mitupu. Basi tuwaulize wazee wetu: mlisoma nini, mlicheka nini, mliogopa nini? Tuandike wangali nasi.