Kabla ya Raba za Tiki

Mwezi uliopita mama mmoja wa zone yetu alikuja kwenye kikundi cha vijana amekasirika. Mtoto wake wa miaka 14 ameuza unga wa mgao, karibu kilo 8, akanunua raba za mtumba zenye tiki ya Nike. Tiki yenyewe feki kabisa. "Watoto wa siku hizi wamelogwa na majina," akasema. Wazee waliokuwepo wakaitikia.

Nilinyamaza kwa heshima. Lakini jambo hili si la siku hizi, wala halikuanzia mbali.

Ujiji iko mkoa huuhuu wa Kigoma. Karne ya 19 misafara ya pwani ilileta huko shanga na vitambaa, na watu hawakupokea chochote tu. Mwaka 1871 Stanley, akijiandaa Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, aliambiwa kila nchi ina ushanga wake. Mweusi ulikuwa fedha kwa Wagogo; kwa wengine, bure kabisa. Ukikosea rangi, msafara unalala njaa. Vitambaa pia. Pamba iliyofumwa Massachusetts ilipendwa mpaka ikaitwa merikani. Vita vilipozuka Marekani 1861 ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na India vikaingia. Jina la merikani halikufa, likahamia hata kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuiona Marekani. Kama ile tiki, kumbe.

Na Zaire? Miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, wanaume wakavaa abakosti. Papa Wemba na vijana wa Kinshasa wakajibu kwa nguo za majina makubwa ya Ulaya. Mzee aliyeitikia kwa sauti kuliko wote amekimbia vita na picha yake ya ujana: viatu vinang'aa kuliko uso.

Ila merikani uliweza kuibadilisha ikawa chakula. Raba zile hazirudi kuwa unga, na wadogo zake walikula mara moja kwa siku mpaka mgao uliofuata. Hilo simtetei.

Lakini kabla ya raba, alikuwa amekosa mazoezi wiki tatu. Wenzake walizicheka ndala zake. Niliwasikia, sikusema kitu.

Jumamosi niliamuru wote wavue viatu kabla ya mpira. Walinung'unika sana. Yule kijana alizipanga raba zake pembeni, akacheza vizuri tu, lakini kila mpira ukitoka anageuka kuziangalia.