Meli: Mfuko wa Barua Uliogeuka Chombo

Katika mwambao wa Muhuta na Rumonge, huko Burundi, chombo kikubwa kipitacho Ziwa Tanganyika huitwa meli. Ni neno la kila siku, nawe huenda ulijifunza mapema. Je, umewahi kujiuliza limetoka wapi?

Asili yake ni neno la Kiingereza mail. Leo neno hilo humaanisha barua, lakini hapo kale lilikuwa na maana ya mfuko. Kutoka kwenye mfuko, maana ikahamia kwenye barua zilizomo, kisha kwenye chombo kilichozibeba. Ukisoma magazeti ya London ya karne ya 19, utakuta matangazo kwamba mail ya India imewasili. Mhariri hakukusudia barua peke yake. Alikusudia na chombo kilichozileta. Kwa hiyo Waswahili hawakukosea. Walilipokea neno kama lilivyotumika zama zile, wakaihifadhi maana ambayo Kiingereza chenyewe kimekaribia kuisahau.

Zingatia jinsi barua zilivyosafiri kabla ya hapo. Novemba 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta David Livingstone Ujiji, akamkabidhi mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwaka mzima ulikuwa umepita! Mwezi huohuo wawili hao walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini, wakiambaa pwani ambayo leo ni ya Burundi, hadi mlango wa mto Rusizi. Ziwani hapakuwa na meli bado.

Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Unguja, ikichukua barua kwa mkataba wa serikali ya Uingereza. Chombo hicho kilikuwa na ratiba, na watu wakakingojea. Jina la kazi yake likawa jina lake.

Linganisha sasa na neno manowari, ambalo nalo limetokana na Kiingereza, man-of-war, yaani chombo cha vita. Meli ilileta habari. Manowari ilileta mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipiga jumba la Sultani wa Unguja kwa muda usiotimia saa moja. Maneno mawili yaliingia kwa bahari ileile, lakini raia waliyatenga, kwa kuwa walijua tofauti ya anayehudumia na anayeshambulia.

Katika Ziwa Tanganyika, chombo kimoja kimestahili majina yote mawili. Wajerumani walikiunda Papenburg mwaka 1913, wakakisafirisha vipande vipande hadi Kigoma, wakakiita Graf von Götzen. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kilifungwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakakizamisha. Waingereza walikiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 kikarudi kazini kwa jina la Liemba, kikibeba abiria na mizigo.

Mei 2015, machafuko ya kisiasa yalipowatoa Warundi makwao, maelfu kwa maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu na mpaka. Hapakuwa na gati. Mashua ziliwachukua wakimbizi kutoka ufukweni hadi kwenye Liemba iliyotia nanga majini, nayo ikawafikisha Kigoma. Kwao, meli haikuwa msamiati wa darasani. Ilikuwa njia ya kuokoa roho.

Basi, ukikutana na neno la kigeni katika Kiswahili, usiishie kuuliza limetoka lugha gani. Uliza lilikuja kufanya kazi gani, na kwa faida ya nani. Meli ilipata jina kwa sababu iliahidi kufika, na ikafika. Chombo chochote cha umma, kiwe cha majini au cha nchi kavu, kinapaswa kupimwa kwa kipimo hichohicho.