Mzungu, Mwenyeji, na Hesabu ya Kinyozi

Disemba 2024, wiki ile Engin Firat alijiuzulu Harambee Stars, nilikuwa kwa kinyozi huku Kahawa West nikingoja zamu. Tulikuwa watu watano, kiti ni kimoja, na kabla ya kichwa cha kwanza kuisha tulikuwa tushapata makocha wanne wapya. Jamaa wa boda alitaka mzungu, "lakini mzungu wa maana, si hawa wa kuokota." Kinyozi alitaka Francis Kimanzi arudi. Mwingine akasema Ghost Mulee, tukacheka kidogo, kwa sababu Ghost karudishwa mara nyingi hata yeye lazima amechoka. Mzee anayeshona viatu pale nje, ambaye huingia tu kwa ajili ya stori, akaniuliza, "Kijana, wewe unayeandika mambo ya mpira, Marshall Mulwa unamjua?"

Nilimjua kwa jina tu. Nikarudi nyumbani na aibu kidogo, nikafungua daftari.

Mulwa aliipa Kenya ubingwa wa CECAFA mara tatu mfululizo: 1981, 1982 na 1983. Mkenya. Sasa hapo mtu wa kinyozi angesema basi, kesi imeisha, tuchukue mwenyeji. Lakini ukigeuza ukurasa unapata 1987, mwaka ambao Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika na Kasarani ikiwa bado inanuka rangi mpya. Timu ilifika fainali, ikafungwa na Misri 1-0. Kocha alikuwa Reinhard Fabisch, Mjerumani. Wazee wa rika la yule fundi wakizungumza kuhusu Stars nzuri huzungumza kuhusu timu hiyo, na hakuna hata mmoja nimemsikia akilalamika kuwa kocha alikuwa mgeni.

Halafu 2004, kule Tunisia. Mulee, Mkenya tena. Tulipigwa 3-1 na Mali, tukapigwa 3-0 na Senegal, tukawa tushatoka, kisha tukaichapa Burkina Faso 3-0. Ule ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Afrika, ambalo tulilicheza mara ya kwanza 1972. Nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni baba kusimama mbele ya TV tusione kitu.

Kwa hivyo swali la mzungu au mwenyeji halina jibu kwenye daftari langu, na nimelitafuta. Nilichokipata ni kitu kingine, na kinaanzia kwa Kimanzi.

Mwaka 2008 Kimanzi alikuwa anafundisha Mathare United, akachukua nao ligi mwaka huohuo, na alikuwa pia na Stars. Stars ikafika raundi ya mwisho ya mchujo wa Kombe la Dunia la 2010. Disemba 2008 Kenya ilikuwa ya 68 duniani katika orodha ya FIFA. Ya 68! Hatujawahi kupanda juu ya hapo, si kabla wala baada. Mapema 2009 kazi ikapewa Antoine Hey, Mjerumani. Kundi lilikuwa na Nigeria, Tunisia na Msumbiji. Tulimaliza mkiani na pointi tatu. Hey hakuwepo hata mechi ya mwisho. Novemba, Nigeria ilipokuja Kasarani kutafuta tiketi ya Afrika Kusini, kwenye benchi alikuwa Twahir Muhiddin. Tulifungwa 3-2.

Sisemi Kimanzi angetupeleka Afrika Kusini. Kundi lilikuwa gumu. Nasema tu kwamba mtu alitolewa akiwa juu kuliko mahali ambapo yeyote amewahi kutufikisha.

Na alitolewa tena. Agosti 2019 walimrudisha baada ya Mfaransa Sébastien Migné kuondoka. Novemba akaenda Alexandria, Misri ya watu, akatoka na sare ya 1-1, Olunga akifunga. Oktoba 2020 akaifunga Zambia 2-1 kwenye mechi ya kirafiki. Siku chache baadaye tukaambiwa wameachana kwa makubaliano. Akaingia Mulee. Mulee akadumu hadi Septemba 2021, tukiwa tumeshaanza mchujo wa Kombe la Dunia, akaingia Firat, Mturuki. Mechi ya kwanza ya Firat: Mali 5, Kenya 0.

Huo mwendo si wa wenyeji peke yao. Henri Michel, yule aliyeifikisha Ufaransa nusu fainali ya Kombe la Dunia 1986, alikuwa kocha wetu 2012. Ndiyo, Henri Michel mwenyewe. Sidhani tumewahi kuwa na kocha mwenye wasifu mzito kama ule. Alikuja Agosti, Disemba akawa ameenda. Paul Put, Mbelgiji, alitupa CECAFA Disemba 2017 pale Machakos kwa penalti dhidi ya Zanzibar, na Februari akajiuzulu. Jamaa wa boda anataka mzungu wa maana. Tulimpata. Tulikuwa naye miezi minne.

Kisha kuna Adel Amrouche. Hapa ndipo mambo huanza kuwa ya pesa, na hapa ndipo mimi huanza kukasirika. Amrouche alichukua CECAFA 2013 hapa Nairobi, tukiifunga Sudan 2-0 kwenye fainali. Agosti 2014, baada ya Lesotho kututoa, alifutwa kabla mkataba wake haujaisha. Alikuwa na makosa yake, CAF ilikuwa tayari imemfungia. Lakini mkataba ni mkataba. Alishtaki, kesi ikafika mahakama ya michezo ya CAS, akashinda, na deni likapita shilingi milioni 100. Mwaka 2020 FIFA ikatishia kuiondoa Kenya kwenye mchujo wa Kombe la Dunia 2022 tusipolipa. Bobby Williamson, Mskoti aliyemfuata, naye alifutwa 2016, naye akaenda kortini.

Yaani pesa ya kukaa na kocha haipatikani, ila ya kumfukuza lazima ipatikane.

Ukisoma majina hayo pamoja unaona kitu ambacho mjadala wetu hauguzi. Kocha mgeni ana mkataba unaosomeka Zurich na ana wakili. Mwenyeji akiondolewa, mara nyingi huondoka na taarifa ya aya mbili inayomtakia kila la heri, kisha anarudi klabuni au redioni na kungoja simu ilie tena. Wanaopenda mwenyeji husema yeye ni mzalendo na hana gharama. Mimi naona hana gharama kwa sababu ni rahisi kumtupa.

Labda nalichukulia hili kibinafsi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, muhula ule ambao Stars ilitoka nyuma ikaifunga Tanzania 3-2 kule Cairo. Nikaanza kuandika uchambuzi wa mechi kwa tovuti moja ya mikeka. Makala kumi na saba. Mhariri alikuwa akiniita "bro" hadi siku nilipouliza malipo, kisha simu yake ikawa haipatikani. Sikuwa na mkataba. Kwa hivyo nikisikia mtu anaambiwa ameachana na kazi "kwa makubaliano", huwa nataka kuuliza nani alikubaliana na nani.

Machi 2025 wakamtangaza Benni McCarthy. Mwafrika Kusini, bingwa wa Ulaya na Porto 2004, aliyewahi kukaa benchi la Manchester United kama kocha msaidizi. Pale kwa kinyozi ilituchanganya: si mzungu, si mwenyeji, sasa tubishane vipi? Agosti alituvusha kundi la CHAN kama viongozi, tukiifunga DR Congo 1-0, sare na Angola, Morocco 1-0, Zambia 1-0. Mtaa ulilewa bila pombe. Tarehe 22, Kasarani, Madagascar ikatutoa kwa penalti.

Asubuhi iliyofuata nilipita kunyoa. Jamaa wa boda alikuwa tayari amekaa, na kabla sijasalimia alisema Benni aende, tujaribu mtu mwingine. Mzee wa viatu akatoa vidole vitatu hewani bila kusema neno. Sote tulijua ni za Mulwa.

Kinyozi akanifunga kitambaa shingoni. "Na wewe, ile pesa yako ya mikeka ulilipwa?"

Nikamwambia pembeni aweke namba moja, juu aache tu.