Vinanda vya bei ghali vyazeeka kwa programu kabla ya vitufe

MWANAMUZIKI anayenunua kinanda cha mamia ya maelfu ya shilingi hujaribu vitufe kwanza, kisha akasikiliza sauti, na mwisho akauliza bei. Ni nadra aulize kuhusu programu iliyomo ndani, ilhali hiyo ndiyo sehemu itakayozeeka kabla ya nyingine zote. Vitufe vikitunzwa vizuri huweza kudumu miaka thelathini. Programu huanza kuonekana kuukuu baada ya miaka mitano au sita, na mwenye kinanda hana uwezo wa kuibadilisha mpaka kampuni iliyokiunda iamue kufanya hivyo.

Vinanda vinavyozungumziwa hapa si vile ambavyo mpigaji hubonyeza kitufe kimoja na mdundo wa ngoma na gitaa la besi ukaanza kujipiga wenyewe, ingawa navyo vina matatizo yanayokaribiana na haya. Hivi ni vinanda ambavyo kila kimoja ni studio nzima. Ndiposa katika makala haya vitaitwa vinanda-studio. Kinanda cha aina hii kina mamia ya sauti za ala mbalimbali. Kina sikwensa, yaani chombo cha kunasa kinachopigwa, ala moja baada ya nyingine, hadi wimbo mzima ukamilike. Kina mwangwi na viungo vingine vya sauti, na mara nyingi huweza pia kurekodi sauti kutoka nje na kuzigawa katika vitufe.

Kwa hakika hiyo ni tarakilishi iliyovikwa vazi la ala ya muziki. Ina chipu, kumbukumbu, skrini na mfumo endeshi. Tofauti ni kwamba tarakilishi ya mezani mwenyewe anaweza kuiwekea mfumo mpya au kuiongezea kumbukumbu atakapo, lakini kinanda kimefungwa, na ufunguo unao mtengenezaji.

Kinanda kilichoipa aina hii umaarufu duniani ni M1 cha kampuni ya Korg ya Japani, kilichotolewa mwaka wa 1988. Inakadiriwa kuwa takriban vinanda 250,000 vya M1 viliuzwa. Sikwensa yake ilikuwa na njia nane, kiliweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja, na sampuli zake zote za ala zilitoshea katika megabaiti nne, kiasi ambacho leo huweza kujazwa na picha moja tu ya simu. Piano na ogani yake zilisikika katika muziki wa dansi wa miaka ya tisini kote Ulaya na Marekani.

Zamani hizo, kubadilisha programu ya kinanda hakukuwa jambo jepesi. Mathalan, mwenye kinanda cha Kurzweil K2000, kilichotoka mwaka wa 1991, alipotaka toleo jipya la mfumo wake ilibidi kinanda kifunguliwe na chipu zenye programu zing'olewe ili nyingine zipachikwe. Aliyenunua kinanda alikichukua kama anavyochukua gitaa: jinsi kilivyo siku hiyo ndivyo kitakavyokuwa.

Fikra hiyo ilibadilika vinanda vilipoanza kujengwa waziwazi kama tarakilishi. Mwaka wa 2005 Korg ilitoa OASYS, kinanda kilichotumia chipu ya Pentium 4 ya kampuni ya Intel na mfumo endeshi wa Linux. Kiliuzwa kwa takriban dola 8,000 za Marekani, bei ambayo hata wapigaji mashuhuri waliiona kubwa. Lakini ahadi yake ilikuwa nzito kuliko bei. Kwa kuwa sauti zake zilitengenezwa na programu, si na chipu maalumu, kampuni ingeweza kuongeza njia mpya kabisa za kutengeneza sauti baada ya kinanda kufika nyumbani kwa mteja. Na kweli iliziongeza, ikiwemo moja ya kuiga mtetemo wa nyuzi. Hata hivyo, wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka wa 2009 utengenezaji ulikuwa umesitishwa.

Mrithi wake, Kronos, alikuja mwaka wa 2011 kwa bei nafuu zaidi. Kilikuwa na chipu ya Intel Atom, ambayo wakati huo ilijulikana zaidi kwa kutumika katika vipakatalishi vidogo, kikiendeshwa na Linux vilevile, na kilibeba injini tisa za sauti: moja ya piano, nyingine ya piano za umeme, nyingine ya ogani, na kadhalika. Hiki ndicho kinanda kilichowafundisha wapigaji wengi kutumaini. Korg ilipotangaza modeli mpya ya Kronos mwaka wa 2014, toleo la 3.0 la programu lilitolewa pia kwa waliokuwa na modeli za awali bila malipo, likiwa na injini ya piano iliyoboreshwa. Mtu aliyekuwa amenunua kinanda miaka mitatu kabla aliamka na kukuta piano bora kuliko aliyolipia. Ni nani asingetazamia mengine?

Yaliyofuata hayakuwa na uzito wa hilo. Kulikuwa na marekebisho ya hapa na pale, lakini skrini ilibaki na sura ileile, mpangilio wa kurasa uleule uliorithiwa kutoka vinanda vya miaka ya tisini, na kungoja kulekule kwa takriban dakika mbili kila kinanda kinapowashwa. Dakika mbili si kitu nyumbani. Jukwaani, umeme ukikatika katikati ya wimbo na kurejea, dakika mbili za ukimya mbele ya umati ni ndefu mno.

Mwishoni mwa mwaka wa 2020 Korg ilitangaza Nautilus. Waliokuwa wakingoja mfumo mpya walikuta injini zilezile tisa katika umbo jipya na jepesi kutumia, huku vidhibiti kadhaa vya mkono vikiwa vimepunguzwa. Modeli ya kwanza haikuwa hata na uwezo wa kitufe kuhisi kinapokandamizwa zaidi baada ya kubonyezwa, jambo ambalo M1 kilikuwa nalo mwaka wa 1988. Uwezo huo ulirudishwa baadaye katika Nautilus AT. Kronos chenyewe kimekwisha kuondolewa sokoni.

Ni rahisi kuilaumu kampuni kwa uvivu, lakini sababu zina kina zaidi. Kwanza, soko lenyewe ni dogo. Simu moja maarufu huuzwa kwa makumi ya mamilioni, nacho kinanda-studio kikiuzwa makumi ya maelfu kinahesabiwa kuwa kimefaulu, hivyo wahandisi wanaoweza kulipwa kuandika programu yake upya ni wachache. Pili, chipu huchaguliwa miaka kadhaa kabla ya kinanda kutoka, na ikishachaguliwa imeweka dari. Programu haiwezi kuipa nguvu isiyokuwa nayo. Tatu, sasisho la bure haliingizi pesa, kinanda kipya huingiza. Na kuna sababu ya nne ambayo wapigaji wenyewe husahau kuitaja: wao hutaka mambo mapya, ila hawataki kabisa kinanda kilichozoeleka kianze kukwama jukwaani. Sehemu ya kile kinachoitwa uzee wa programu ndiyo inayofanya kinanda kiwake kila Jumapili bila matata wakati kipakatalishi kinaomba kusasishwa.

Kwa Yamaha hali imekuwa tofauti kidogo. Vinanda vyake vya Motif, vilivyoanza mwaka wa 2001 na kufikia Motif XF mwaka wa 2010, vilipendwa hasa kwa sikwensa yake ya kupanga vipande vya wimbo. Montage kilipochukua nafasi yao mwaka wa 2016, sikwensa hiyo haikuwemo; kulikuwa na kinasa sahili tu. Wapigaji walilalamika, na kwa mara hii subira ilivuta heri kiasi, kwani toleo la 3.0 la mwaka wa 2019 lilileta sikwensa ya vipande bila malipo. Iliwachukua miaka mitatu kukipata kitu ambacho kinanda kilichotangulia kilikuwa nacho. Kisha mwaka wa 2023 kikaja Montage M chenye injini mpya ya kuiga sintesaiza za zamani za analogi, na wenye Montage ya kwanza hawakupewa injini hiyo. Hapo matumaini yao yaligonga dari.

Upande wa Roland una mfano mchungu na mwingine wa kutia moyo. Fantom-G cha mwaka wa 2008 kilitolewa kikiwa na nafasi za kupachika bodi za ziada, na wanunuzi wakaamini kwamba bodi zingefuatana mwaka baada ya mwaka. Zilitoka tatu tu: ya ngoma, ya piano za umeme na ya ala za shaba. Nafasi zilibaki, bodi hazikuja. Lakini Fantom cha mwaka wa 2019 kimesasishwa mara kadhaa, na mwaka wa 2024 wenye nacho waliweza kukigeuza kuwa Fantom EX kwa kununua programu pekee, bila kununua kinanda kingine. Huenda hiyo ndiyo njia iliyo wazi zaidi mbele: sasisho kubwa linalolipiwa. Baadhi ya wapigaji hulichukia wazo hilo, ingawa kampuni inayolipwa kwa sasisho ina sababu ya kuliandika.

Hapa Kenya suala hili lina sura yake. Vinanda vingi katika makanisa, bendi za hoteli na studio ndogo hununuliwa vikiwa vimetumika, na mara nyingi ni vya modeli ambazo watengenezaji wamekwisha kuziacha. Anayenunua Triton ya mwaka wa 1999 au Motif ya 2001 leo asitarajie sasisho lolote. Anachonunua ndicho atakachokuwa nacho. Si hasara ikiwa sauti zake zinamfaa. Hasara huja anaponunua kwa kutegemea jambo ambalo kinanda hakilifanyi leo, akiwa ameambiwa na muuzaji kwamba toleo lijalo litalifanya.

Kadhalika, uzee wa programu huandamana na uzee wa mahali pa kuhifadhia kazi. Triton hiyo huhifadhi nyimbo kwenye disketi, nayo Motif ya kwanza hutumia kadi za SmartMedia ambazo hazitengenezwi tena. M1 hutunza sauti zake kwa betri ndogo ya duara iliyomo ndani. Betri ikifa, sauti zote alizozitengeneza mwenye kinanda hutoweka pamoja na zile za kiwandani, na hizo za kiwandani itabidi zipakiwe upya. Katika kundi la taarab ya kisasa, ambapo kinanda kimechukua nafasi ya fidla na kanuni, sauti aliyoichonga mpigaji kwa miaka ndiyo inayolitambulisha kundi redioni. Ikipotea, haipatikani dukani.

Betri ya M1 hubadilishwa na fundi kwa muda mfupi, na ni busara kuibadilisha kabla haijafa, baada ya kunakili kila kitu. Disketi nazo zina tiba: kuna vifaa vinavyoitwa Gotek ambavyo hupachikwa mahali pa kisomea disketi na kukifanya kinanda cha zamani kisome flashi kikidhani ni disketi. Kwa nyimbo zenyewe, lililo salama ni kuzihifadhi katika faili za kawaida za MIDI na sauti katika faili za WAV, kwa kuwa hizo husomwa na takriban kila chombo, na faili za asili za kinanda husomwa na jamaa zake wachache tu.

Kusasisha kwenyewe kunahitaji tahadhari. Faili ichukuliwe kutoka kwa mtengenezaji, si kwa rafiki wa rafiki, na iwe ya modeli hiyohiyo, kwani majina hufanana mno. Kazi zote zinakiliwe kwanza. La muhimu kuliko yote katika mazingira ya hapa ni umeme. Stima ikipotea wakati programu mpya inaandikwa ndani ya chipu, kinanda huweza kushindwa kabisa kuwaka, na hapo ni fundi wa kampuni atakayehitajika, pengine hata bodi mpya. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache ni nafuu kuliko bodi hiyo.

Baadhi ya matumaini ya sasa hayamo tena ndani ya kinanda. Korg huuza M1 na Triton kama programu za tarakilishi, zikiwa na sauti zilezile bila betri wala disketi. Yamaha nayo mwaka wa 2024 iliwapa wenye Montage M programu inayobeba sauti za kinanda hicho ndani ya tarakilishi, ili mpigaji aanzie kazi nyumbani na kuimalizia jukwaani.

Cha ajabu ni kwamba kilichostahimili kuliko vyote ni kile ambacho hakuna kampuni moja inayokimiliki. Lugha ya MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji mwaka wa 1983, ilipata toleo la pili mwaka wa 2020, lakini lile la kwanza lingali linatumika. M1 cha mwaka wa 1988, kikiunganishwa na kipakatalishi cha leo kwa waya wa pini tano na kiunganishi kidogo cha USB, hupokea noti na kuzipiga bila kuhitaji sasisho lolote.