Kiingereza Ndani ya Sentensi za Kiswahili

Huko Daudi, wilayani Mbulu, lugha ya nyumbani ni Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Kiswahili huja kwa shule, dini na ofisi. Basi namna kinavyoandikwa si jambo dogo.

Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ziliunda Kamati ya Lugha kusanifu Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Vitabu vya shule vilipita mikononi mwake, vingi vikiwa tafsiri kutoka Kiingereza. Msamiati ulichungwa, miundo ya kigeni ikapenya kimyakimya. Uhuru ulikuja 1961, lakini sekondari na Mahakama Kuu ziliendelea na Kiingereza. Ndiyo maana twasoma “mkutano utachukua nafasi” badala ya “utafanyika”, na “kufanya maamuzi” pale palipotosha “kuamua”.

Mtoto wa Daudi akikosea ngeli, twailaumu lugha ya mama yake. Afisa akiandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili, twamwita msomi. Kiiraqw hakina hatia hapo. Ajifunzaye lugha kwa maandishi hurithi ila za maandishi. Hivyo usahihishaji uanzie ofisini, ndipo ushuke darasani.